Tofali la Chumba cha Vitalis

Treni haikuja Jumanne. Haikuja Alhamisi. Ijumaa nikapiga simu Makambako, nikaambiwa mlima umeporomoka juu ya reli upande wa Mlimba na watu wanachimba kwa mikono.

"Kwa mikono?" nikauliza.

"Sasa dada Edina, tutafanyaje? Tingatinga nalo limezama," akajibu yule bwana, tena kwa sauti ya mtu mwenye kikombe cha chai mkononi.

Nikamkatia simu. Hasira zangu ziko karibu, Ikungwe nzima inajua, na wala siombi radhi. Mimi ndiye msimamizi wa stesheni ya joto ya kijiji hiki, na Juni hii umande ulikuwa unaganda majanini kabla jua halijazama vizuri.

Nikaingia ghalani kuangalia kitu nilichokijua tayari. Matofali yote yalikuwa matupu. Ukiliinua tofali tupu na tofali lililoshiba, uzito ni uleule, ndiyo maana wageni hudhani tunawatania. Ndani yake kuna chumvi. Kule Dar es Salaam mtu analitundika ukutani, pampu yake ndogo inaanza kunung'unika, inanyonya joto la chumba na kulisukumia kwenye chumvi mpaka chumvi yote iyeyuke. Pampu ni lazima. Joto ukiliacha lenyewe linajua njia moja tu, kutoka kwenye moto kwenda kwenye baridi. Ukitaka lipande, ulisukume. Likishiba, tofali linanyamaza, linapakiwa kwenye treni na kuletwa kwetu milimani Makete. Sisi tunafungua uso wake wa shaba, chumvi inaanza kuganda, na ikiganda inatoa kila ilichonyonya. Likiisha tunalirudisha pwani likanyonye tena. Wao wanasema tunawauzia baridi, sisi tunasema wanatuuzia jua, na hakuna aliyedanganya.

Ubaya wake ni kwamba tumeyazoea. Nyumba zetu zimejengwa kwa ajili yake: kuta nene, vioo viwili viwili madirishani, hakuna dohani, hakuna hata tundu la panya. Ukiwasha kuni mle ndani, kesho yake tunakuzika. Treni isipokuja tunajifunika mablanketi na kutazamana.

Lakini kijijini kulikuwa na tofali moja lililoshiba. Nilijua liko wapi, na kila mtu alijua, na kila mtu alikuwa anajifanya hajui.

*

Sekela alinikuta nafunga ghala. Ni msichana wa Tukuyu, aliolewa kwetu na Vitalis Tweve, na sasa alikuwa mjane mwenye mtoto kifuani. Mtoto mwenyewe, Ipyana, alizaliwa kabla ya wakati, siku chache baada ya kumzika baba yake. Alikuwa amefungwa ngozi kwa ngozi na mama yake, juu yake sweta, juu ya sweta blanketi, juu ya blanketi koti la Vitalis.

"Dada Edina, mshike miguu," akaniambia.

Nikapenyeza mkono. Miguu ilikuwa ya baridi kama vijiko vya kabatini.

"Umempeleka kwa Oliva?"

"Natoka huko. Nesi anasema nikae naye kwenye chumba chenye joto. Nikamwuliza, chumba kipi? Hata zahanati tofali limeisha." Akaanza kulia, halafu akajizuia, nadhani kwa sababu kulia kulimtikisa mtoto. "Anasema mtoto wa namna hii akipata baridi anatumia nguvu zake zote kujipasha, hazibaki za kunyonya. Tangu asubuhi hajanyonya, dada. Na mimi mwenyewe nasikia baridi. Nampa nini sasa?"

Hapo alikuwa amesema kweli kuliko alivyojua. Kifua cha mama ni dawa nzuri sana, joto linapita kwa kugusana bila kupotea njiani. Lakini mwili hautoi usichokuwa nacho. Sekela midomo ilikuwa imeanza kubadilika rangi.

"Mama mkwe yuko wapi?"

"Amekwenda mtoni kuchota maji. Dada, wewe una ufunguo mkuu." Akanitazama usoni. "Twende sasa hivi, kabla hajarudi."

*

Nieleze kuhusu lile tofali.

Vitalis alikuwa fundi wa redio, amepanga chumba Keko, kule Dar es Salaam. Alilala akiwa mzima, moyo ukasimama usingizini. Majirani walivunja mlango asubuhi wakakuta chumba kimepoa kabisa, tofali limeshiba, limenyamaza ukutani. Pampu haijui kutofautisha. Ilinyonya joto la bati, la taa, la ukuta uliopigwa jua mchana kutwa, ikanyonya na la mwili wa kijana wa watu mpaka ulipofikia ubaridi wa chumba.

Jeneza lilikuja behewa la mbele, matofali behewa la nyuma, treni moja. Kila tofali lina kibati chenye jina la mtaa na chumba lilikojazwa. Baada ya mazishi mama yake alikuja stesheni, mama mtu mzima, amevaa kaniki, akapita safu kwa safu akisoma vibati, akalipata. Hakuniomba. Aliliinua tu, akaliweka mgongoni na kulifunga kwa khanga kama mtoto, akaondoka nalo. Ningemwambia nini?

Tangu siku ile halijafunguliwa. Na hapa kosa ni la kwetu sote, tena lilianza na mimi. Matofali yalipokuja kwa mara ya kwanza niliwafundisha watu: kabla ya kufungua, hakikisheni wote wamo ndani, maana mlango ukifunguliwa baadaye hewa ya moto inatoka yote kwa juu na ya baridi inaingia kwa chini. Maelekezo ya fundi, basi. Wenzangu wa Ikungwe wakayafanya ibada. Sasa mama wa nyumba anasimama na ufunguo, anaita kila anayelala humo kwa jina, na kila mmoja anaitikia "Nimo." Asiyeitikia anasubiriwa. Nimeona familia imekaa ikitetemeka mpaka giza linaingia kwa sababu ya mlevi mmoja ambaye bado yuko kilabuni. Nilipowaambia haikuwa na maana hiyo, waliniangalia kama mtu anayetukana kanisani.

Kwa hiyo Mama Vitalis, kila alipotaka kufungua, ilimbidi aite majina. Akilitaja la mwanawe, hakuna wa kuitikia. Asipolitaja, amemtoa nyumbani kwa mdomo wake mwenyewe. Kila aliyemwuliza alipewa jibu moja: "Vitalis hajaingia." Watu wakaona ni majonzi, yatapita, wakamwachia. Treni ile ilikuwa ya mwisho kufika, lakini tulitegemea nyingine, na kwa majirani matofali bado yalikuwa na joto.

*

Tulilikuta pembeni mwa kitanda cha marehemu, limeviringishwa blanketi lake. Nikafunua. Mshale wa kipimo ulikuwa umeshuka karibu robo.

"Limefunguliwa?" Sekela akauliza.

"Hapana. Linavuja."

Hakuna kifuniko duniani kinachozuia joto, vyote vinalichelewesha tu. Nikapapasa ukuta nyuma ya tofali, ulikuwa na uvuguvugu. Joto la chumba cha Vitalis lilikuwa linapita kwenye ukuta, linatokea nje, linapotelea kwenye baridi ya Juni bila kumfaa hata kuku. Nilichukia, sitaki kusema uongo. Nilimchukia yule mama mtu mzima kwa dakika nzima.

Nikatoa ufunguo mkuu mfukoni. Sheria ilikuwa upande wangu: mtoto mchanga akiwa hatarini, msimamizi anafungua tofali lolote, la mtu yeyote, bila kuomba ruhusa. Nikauingiza kwenye tundu.

"Fungua, dada," Sekela akasema.

Mkono ukakataa. Siyo kwamba sikuwa na huruma na mtoto, Mungu ananiona. Nilimwona akilini yule mama akirudi na ndoo kichwani, anafungua mlango, anapigwa na joto usoni, anaelewa. Wataishi nyumba moja, huyu mjane na huyu mama mkwe, miaka yote, na katikati yao kuna siku ambayo Vitalis alimwagwa kama maji ya kufulia wakati mama yake hayupo.

"Basi mwambie mama mkwe kitu," Sekela akanong'ona. "Mwambie Vitalis mwenyewe anataka kumpasha mwanawe. Akikusikia wewe mtaalamu atakubali."

Ilikuwa njia tamu. Tena nyepesi. Ila ilikuwa na uongo ndani yake, na uongo huo niliujua mimi peke yangu, maana kuna jambo kuhusu lile tofali ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Nilidhani halitakuwa na haja.

"Nitamngoja," nikasema.

"Mtoto je?"

"Nipe mimi." Nikafungua koti na blauzi, nikampokea Ipyana kifuani. Loo! Yale majani ya umande ulioganda yana nafuu. Nilimsikia akininyonya joto, kidogo kidogo, na moyo wake ukidunda haraka mno. Sekela akajikunja kitandani ndani ya blanketi, meno yakigongana. Nikakaa hivyo, nimefunga koti juu ya mtoto wa watu, namsubiri bibi yake.

*

Mama Vitalis alitua ndoo, akaniona, akauona ufunguo kwenye tundu la tofali.

"Shikamoo, mama."

"Sijafika umri wa kuibiwa nyumbani kwangu nikaamkiwa," akasema.

"Sijafungua. Ningetaka, ungekuta tayari nyumba ina joto. Kaa nikuambie kitu, halafu unifukuze."

Hakukaa. Nikamwambia akiwa amesimama.

"Matofali yakifika stesheni huwa tunayalaza usiku mmoja kabla ya kuyagawa. Unajua?"

"Mnayapumzisha. Yamechoka na safari."

"Hayachoki, mama. Chumvi haichoki. Nayalaza uso kwa uso, shaba kwa shaba, nayafungua nyuso zote. Mengine yamejazwa kwenye vyumba vya bati, yameshiba mpaka yanachemka. Mengine yametoka kwenye vyumba vya kivulini, nusu njaa. Yakigusana, lililoshiba linalipa lenye njaa, na hilo linalipa la pembeni, mpaka yote yanalingana. Ndipo nagawa. Nisingefanya hivyo, nyumba moja ingelala kwa raha na jirani yake angelala macho."

Alikuwa mwanamke mwenye akili. Niliona uso wake ukitangulia mbele ya maneno yangu.

"Na hili?"

"Na hili lililala na wenzake. Wewe ulilichukua kesho yake."

"Kwa hiyo humu ndani..."

"Mna chumba cha kila mtu. Keko, Mbagala, Tandika. Vitalis yumo, lakini kidogo, kijiko kwenye ndoo. Sehemu yake kubwa imekwenda na matofali mengine ya behewa lile."

Ipyana akatoa sauti ndogo kifuani kwangu, hata siyo kulia.

"Mlimgawa," Mama Vitalis akasema. "Mwanangu hajafukiwa vizuri, mkamgawa kama sukari ya mgao."

"Ndiyo, mama."

Angenipiga nisingezuia, ingawa nilikuwa na mtoto. Hakunipiga. Alisema maneno ambayo siwezi kuyaandika, ya Kikinga, na mama yangu mzazi alitajwa. Kisha akauliza, sauti imeshuka: "Yalikwenda nyumba zipi?"

Nikamtajia.

Akajitanda khanga na kutoka.

*

Nilimrudishia Sekela mtoto, nikamfuata yule mama mbio. Alishafika kwa Mzee Mbwilo, seremala mstaafu, nyumba ya pili.

"Tofali la treni ya msiba lilikuja hapa?"

"Lilikuja, mama." Mbwilo anapenda mzaha, ila alipomtazama usoni akaumeza. "Lipo pale, tupu."

"Lilifanya nini?"

"Lilifanya nini? Lilipasha nyumba. Mke wangu miguu ilikuwa haitembei kwa baridi yabisi, wiki ile akatembea mpaka kisimani. Kwa nini?"

Mama Vitalis akaweka kiganja kwenye shaba ya tofali tupu, akakaa nacho pale kidogo. Kisha akatoka. Mbwilo akanitazama, nikamwambia kwa maneno machache. Akachukua kofia yake akamwita mkewe, wakatufuata.

Nyumba iliyofuata, vivyo hivyo: tofali tupu, kiganja, lilifanya nini. Hapo lilikausha mbegu za viazi zisiungue na baridi. Iliyofuata, liliwafaa watoto waliokuwa na surua. Nilianza kuona aibu ya ajabu, maana katika miaka yangu yote ya kugawa joto sikuwahi kuuliza mtu swali lile. Kila tulipotoka, mlango haukufungwa nyuma yetu. Watu walikuwa na baridi na hawakuwa na la kufanya, wakafuata.

Zahanati ilikuwa ya mwisho. Oliva alikuwa amevaa makoti mawili.

"Lilifanya nini?" akaulizwa.

Oliva hakuelewa, akanitazama. Nikamwambia ajibu tu.

"Ni lile la chumba cha uzazi," akasema. "Ndilo lililokuwa linawaka Sekela alipojifungua. Mtoto alitoka wa bluu, mama, unakumbuka, ulikuwepo. Hatukuwa na mashine. Nilimlaza juu ya meza, nikamsogeza karibu na tofali nikamgeuzageuza pale mbele yake mpaka akalia."

Mama Vitalis aliweka kiganja kwenye lile tofali, na safari hii hakukitoa haraka. Aliinama akaweka na shavu. Alilia hapo, kwa sauti, mbele ya watu, kilio ambacho hakukilia makaburini. Hakuna aliyemgusa. Alipomaliza alijifuta kwa ncha ya khanga na kuniambia, "Edina, jua linazama. Twende."

*

Tuliingia wote. Chumba kile chenye kitanda cha Vitalis siyo kikubwa, tukabanana ukutani na kitandani, wengine wakachuchumaa chini ya dirisha. Sekela alikuwa kitandani na mtoto, Oliva akaingia nyuma yake akamkumbatia pamoja na mtoto wake, miili mitatu katika blanketi moja. Ndivyo ilivyotakiwa. Watu wengi katika chumba kidogo ni joto tayari.

"Fungeni mlango," Mama Vitalis akasema.

Mbwilo akafunga. Mama Vitalis akaliinua tofali pembeni mwa kitanda, akaliweka katikati ya sakafu. Akachomoa ufunguo wangu mkuu na kunirudishia, akachukua wake, ule uliokuwa unaning'inia kwenye msumari tangu msiba. Nilitaka kumwambia afanye haraka. Badala yake nikautia ufunguo wangu mfukoni.

"Sekela," akaita.

"Nimo, mama."

"Ipyana."

"Yumo," Sekela akajibu kwa niaba yake.

Mama Vitalis akavuta pumzi. Nikaona ufunguo umesimama mbele ya tundu, nikajua amefika pale anapofika kila mara, na kwamba akikwama tena nitamnyang'anya kwa nguvu, potelea mbali.

"Vitalis," akaita.

Mtu mmoja akakohoa. Kisha Mzee Mbwilo, aliyekuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, akasema taratibu, bila mzaha wowote, "Nimo, mama."

Mkewe akafuata. "Nimo."

"Nimo," akasema yule wa mbegu za viazi. "Nimo," akasema mama wa watoto wa surua, akawaminya wanawe mabega nao wakasema. Oliva akasema akiwa ndani ya blanketi. Ilizunguka chumba chote, sauti moja moja, mpaka ikafika kwangu ikasimama.

Mama Vitalis akageuka kunitazama. Alikuwa ananingoja.

Mimi si mtu wa mambo hayo. Ningeweza kumweleza kwamba joto halina jina, likishapita mahali limepita, huwezi kulirudisha lilikotoka wala kulipambanua na jingine. Lakini ofisini kwangu kulikuwa na tofali moja la behewa lile, nilikaa nalimaliza wiki nzima mgongo ukiliegemea, na hesabu ya joto la Vitalis lililokuwamo nilikuwa nimekwisha kuipiga. Kidogo sana. Lakini siyo sifuri.

"Nimo, mama," nikasema.

Akazungusha ufunguo.